Siku Vichwa Vilipogeukia Kidirishani

Kwenu mnaobaki: wa chumba cha mashine, wa dirisha la tiketi na wa mlangoni.

Siku ya kuniaga, meneja alinipa daftari jipya na kalamu mbili, akasema niandike mambo ya kazi ili wanaokuja nyuma wajifunze. Nilidhani ni zawadi, kumbe nimepewa kazi nyingine. Lakini si meneja peke yake aliyetaka niandike. Yuko mtu wa pili, na kwake halikuwa ombi, lilikuwa sharti. Anaitwa Kassimu. Wengi wenu hamkuwahi kufanya naye kazi, ila jina lake mnalijua, kwa sababu kila mfanyakazi mpya nilimpa kisa chake siku ya kwanza kazini. Nilikuwa nakisimulia vizuri sana. Kulikuwa na kipande nilichokuwa nakiruka, na nitakieleza kitakapofika mahali pake.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika ukumbi wa zamani wa sinema, ule ulioko mtaa wa nyuma ya soko ambao siku hizi ni ghala la alizeti. Nilitoka Ihumwa kwa miguu, nimevaa shati la kaka yangu. Nilichukuliwa kwa sababu mbili: nilijua kufungua redio na kuifunga bila kubakiza skrubu, na sikuogopa ngazi. Chumba cha mashine kilikuwa juu, nyuma ya ukumbi, na ngazi yake ilikuwa ya chuma, imesimama wima. Mtu wa kwanza kunipokea huko juu alikuwa Mzee Rajabu, Mrangi wa Busi, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma ambayo haikuwahi kuanguka hata alipoinama ndani ya mashine. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanipa mswaki.

Mswaki ulikuwa wa kusafishia pale mkanda wa filamu unapopita mbele ya taa. Vumbi la Dodoma mnalijua. Chembe moja ikikaa pale, kwenye pazia inaonekana kubwa kama panya. Mzee Rajabu alikuwa na miswaki miwili juu ya rafu, mmoja wa mashine na mmoja wa meno yake, na wiki ya kwanza niliichanganya. Hakunigombeza. Alitema mafuta, akasukutua mara tatu, akaniambia, "Bwana mdogo, leo nimelainika koo. Kesho weka alama."

Alinionyesha kidirisha ambacho mwanga wa mashine ulipitia kwenda kwenye pazia, na pembeni yake kingine kidogo cha fundi kuchungulia. Nikabandika uso nianze kutazama filamu. Akanivuta sikio.

"Unatazama nini?"

"Picha, mzee."

"Picha ina watu wake waliolipa. Wewe watazame hao watu. Vichwa vikitazama mbele, kazi yako ni nzuri. Vikigeuka kukutazama wewe, umeharibu."

Hiyo ndiyo kazi yote, na miaka yote iliyofuata nilikuwa naongezea vitu vidogo tu. Vidogo hivyo vilikuwa vitatu. Mkanda ukikatika, usikimbilie mkanda, kimbilia swichi ya taa za ukumbini, maana watu waliokaa gizani ghafla hukanyagana, na mkanda haumkanyagi mtu. Pili, taa ya chumba cha mashine haiwashwi wakati filamu inakwenda, fundi asionekane. Tatu, fundi hana mdomo. Sauti hupenya kidirishani, na mtu aliyekuja kusikia wapenzi wakiagana hataki kusikia wewe ukiomba bisibisi.

Kosa langu kubwa la enzi zile lilikuwa la mwezi wangu wa tatu kazini. Filamu zilikuja kwa treni kwenye makopo, filamu moja makopo matano au sita, yamezunguka mikoa hadi lebo zimefutika. Nikaweka kopo la nne kabla ya la tatu. Mtu aliyekwisha kuzikwa akaonekana anakula pilau harusini. Nilitazama chini, nikaona hakuna kichwa kilichogeuka. Watu walipiga makofi, wakidhani marehemu amerudi kulipiza kisasi. Mzee Rajabu alishika kofia yake akasema, "Leo umefufua. Kesho panga makopo."

Miaka hiyo ukumbi ulijaa. Jumamosi watu walipanga mstari toka saa saba mchana, wakila karanga na ubuyu, na Jumatatu sisi tulifagia maganda kwa chepeo. Kisha vikaja vibanda vya video. Banda la mabati, viti vya mbao, televisheni moja, deki moja na spika imetolewa nje ili anayepita asikie ngumi. Nyuma ya televisheni alikaa kijana mwenye maikrofoni akitafsiri filamu kwa Kiswahili, akiongeza na yake. Mimi nilikuwa nawacheka, mpaka siku moja nikaingia kimojawapo nikakuta wanaonyesha filamu ambayo sisi tulikuwa bado tunaisubiri ije kwa treni. Imerekodiwa ndani ya ukumbi wa nchi nyingine, kichwa cha mtu kinakatiza katikati, na watu wametulia kabisa. Hapo ndipo nilipojua kwamba sisi tumekwisha. Halafu zikaja CD za kuchomwa, halafu flashi, halafu simu. Kila kilichokuja kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza, na kila kimoja kilichukua watu wengi zaidi.

Ukumbi wa zamani ulifungwa bila hotuba. Mzee Rajabu alirudi Busi kulima, na kila nilipomtembelea aliniuliza kama mashine inasafishwa. Nilimdanganya kwamba inasafishwa mpaka alipofariki. Mimi nilitengeneza deki na televisheni kwa miaka mingi, yaani nilikula kwa mkono uleule ulioniua.

Serikali ilipohamia Dodoma na watu wakaongezeka, tajiri mmoja akajenga ukumbi huu wetu wa sasa. Nikaitwa kama mtu anayetolewa stoo. Nilikuta mashine haina mkanda. Mnajua inavyokwenda, lakini niandike kwa ajili ya watakaokuja: filamu inaletwa ndani ya diski, imefungwa, na ufunguo wake ni faili dogo linaloletwa kwa barua pepe kila Alhamisi. Unaufungua, unaupakia kwenye mashine, filamu inakubali kuonekana kuanzia siku fulani hadi siku fulani. Ufunguo ukichelewa, ukumbi mzima unakaa unatazama pazia jeupe. Zamani filamu ilikatika, siku hizi inakataa. Nilijifunza hayo uzeeni, na baada ya mwaka mmoja mkono wangu ulikuwa unafungua barua za Alhamisi wenyewe.

Kwa kuwa wizi wa filamu ndio uliotuua mara ya kwanza, mimi ndiye niliyeleta utaratibu wa kikapu mlangoni. Kila anayeingia anaacha simu, anapewa namba. Watu walinuna, wakazoea. Aliyesimama na kikapu alikuwa Kassimu, kijana wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, aliyekuwa anakumbuka simu ya kila mtu bila kuangalia namba.

Siku moja, kutoka kidirishani, niliona nukta nyekundu gizani, upande wa ukutani. Nikashuka. Alikuwa Kassimu mwenyewe, amesimama ametulia, simu imo kwenye mfuko wa shati uliotobolewa tundu. Nilimshika mkono nikampeleka kwa meneja huku filamu ikiendelea. Kassimu hakukana. Aliniambia mimi, si meneja, "Mzee Yaredi, mama yangu yuko kitandani mwaka wa pili. Hajawahi kuona sinema hata moja. Nilitaka nimwonyeshe hii tu."

Nami nikamjibu, "Kila mwizi ana mama."

Alifukuzwa palepale. Mimi nilisifiwa, na kisa hicho nikawa nakisimulia kila anapoajiriwa mtu. Kipande nilichokuwa nakiruka ni hicho cha mama yake. Nilikiruka kwa sababu kisa kilikuwa kinasikika vizuri zaidi bila mama.

Sasa Neema. Ninyi nyote mnamjua, binti wa Mvumi aliyetengeneza filamu ya bibi anayekataa kuuza shamba lake la uwele wakati watu wa viwanja wamemzunguka kila upande. Bibi wa kwenye filamu ni bibi yake hasa, Bibi Nyemo, ambaye hakuwahi kuigiza wala hakuelewa kwa nini aambiwe aseme upya jambo alilokwisha kulisema. Anasema Kiswahili chake cha Kigogo, anawafukuza wapima viwanja kwa mwiko, na mbuzi wake anakula karatasi za ramani. Neema aliihariri kwenye kompyuta ya kukodi, akaifuta humo alipomaliza. Aliogopa wezi mno. Filamu yote ilikuwa mahali pawili tu: kwenye diski aliyotembea nayo ndani ya mkoba, na kwenye mashine yetu. Nilimsifu kwa uangalifu huo. Nilimwambia wote wangekuwa kama yeye tusingefunga ukumbi wa kwanza.

Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Jumamosi, saa tisa alasiri, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mvumi nzima ilikuja. Aliyekosa ni mke wangu, Mama Tabitha, ambaye ni mtu wa Mvumi na aliwahi kuwa jirani wa ukuta kwa ukuta na Bibi Nyemo. Alikuwa amevunjika nyonga, amelala miezi, kwanza hospitali, kisha nyumbani. Asubuhi ile aliniuliza, "Na mimi nitaionaje?" Nilivaa shati nikaondoka.

Nilisimama mlangoni nikasimamia kikapu. Nilimfanya hata Neema mwenyewe aache simu yake. Kisha nikapanda juu, nikafunga mlango, nikakunja kitambaa cha vumbi mara nne, nikaegemeza simu yangu kwenye kidirisha cha kuchungulia, nikabonyeza.

Sikumkumbuka Kassimu. Ningependa kuandika kwamba nilimkumbuka nikaona aibu, lakini sikumkumbuka kabisa. Nyani haoni kundule.

Nikafanya na kosa la pili. Bibi Nyemo alipotoka mbio na mwiko akimkimbiza mbuzi mwenye ramani mdomoni, ukumbi uliangua kicheko, nami nikasahau miaka yote ya Mzee Rajabu. Nikamwambia mke wangu kama vile amekaa pembeni yangu: "Mama Tabitha, mwone Bibi Nyemo huyo! Mwone anavyokimbia!" Kisha nikacheka, na mimi nikicheka nakohoa.

Mama Tabitha aliitazama filamu kitandani mara tatu, simu ameiegemeza kwenye bakuli. Alicheka hadi akashika nyonga. Wiki iliyofuata niliifuta mbele ya macho yake, nikamwambia mambo haya yameisha na yasisemwe. Akasema, "Sawa, Baba Tabitha." Baada ya ndoa ndefu kama yetu ningepaswa kujua kwamba 'sawa' ya haraka namna ile haina maana ya sawa.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Bibi Nyemo alifariki. Neema akaomba filamu ionyeshwe tena kwa ajili ya kumkumbuka, na Alhamisi akaleta diski yake ili airekebishe mwanzo, aongeze jina la bibi na neno la buriani. Tuliichomeka kwenye mashine. Neema akatoka kwenda kutafuta chai.

Ikaja barua pepe. Ilikuwa Alhamisi, saa ileile, na kichwa cha barua kilisema ufunguo mpya wa filamu umeambatishwa. Jina la mtumaji lilifanana na la wale wanaotuletea siku zote, isipokuwa herufi moja ambayo niliiona baadaye nilipoonyeshwa kwa kidole. Mtu wa benki asingeifungua, mwalimu asingeifungua, maana wangejiuliza ufunguo wa nini. Mimi nilikuwa naisubiri, nikaifungua.

Pazia halikuonyesha kitu. Kompyuta ndiyo iliyobadilika rangi, yakatokea maandishi ya Kiingereza, na chini yake Kiswahili kibovu kama cha mtu aliyejifunzia kwenye pakiti ya dawa. Yalisema kila kitu kimefungwa, tulipe kwa pesa za mtandaoni ndani ya siku tano, la sivyo filamu zitavujishwa na kilichobaki kitapotea moja kwa moja. Diski ya Neema ilikuwa imechomekwa palepale. Ikafungwa pamoja na vingine.

Wataalamu walikuja, polisi walikuja, wote wakasema tusilipe, kwa sababu anayelipwa leo hurudi kesho, na hata akilipwa huenda asifungue. Tajiri hakulipa, na sidhani alikosea. Filamu za nje zililetwa upya kwenye diski nyingine, baada ya wiki moja tukaendelea na kazi. Ya Neema haikuwa na pengine pa kutoka. Siku ya tano ikapita, ya sita ikapita. Hata kuivujisha hawakuivujisha. Nadhani waliifungua wakamwona bibi kizee na mbuzi, wakaona haina soko.

Nilimkuta Neema amekaa kwenye ngazi za nje. Nikamwambia pole, akasema asante, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Mzee Yaredi, bora wangeiiba wakaiuza mitaani. Ningeinunua. Sina mahali pengine sauti ya bibi ilipo. Hata kwenye simu sina, hakupenda simu."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu, nikamalizia kwamba laiti nisingeifuta ile. Mama Tabitha alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua uso.

"Ulifuta ya kwenye simu."

"Kulikuwa na nyingine?"

"Nilimwambia Tabitha aniwekee kwenye kadi. Imo kwenye kifuko cha miwani yangu." Akaendelea kuchambua. "Mtu ameniletea jirani yangu mpaka kitandani, halafu nimwache amfute?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Jambo la kwanza nililowaza halikuwa Neema. Niliwaza bahasha: niiweke kadi ndani, niisukume chini ya mlango wake, niondoke. Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu. Mimi ndiye niliyejulikana mji mzima kama mzee wa kikapu. Tukaketi tuitazame kwanza, tuone kama inafaa. Picha imelala upande kidogo, sauti ya mbali, lakini yote ipo. Ikafika kwa mbuzi. "Mama Tabitha, mwone Bibi Nyemo huyo!" Halafu kicheko, halafu kikohozi changu ambacho hata mlinzi wa getini anakijua.

Mama Tabitha akasimamisha. "Bahasha yako ina mdomo," akasema. Kisha, kwa upole zaidi, "Mficha uchi hazai. Nenda kamwambie, Baba Tabitha."

Nikaenda. Nilimweleza Neema nikiwa nimesimama, maana alinikaribisha kiti nikaona sistahili. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akauliza jambo moja tu: "Sauti ya bibi inasikika?"

"Inasikika."

Akalia. Alipomaliza, akajifuta uso kwa khanga, akanitazama. "Siku ile ulinifanya niache simu yangu kwenye kikapu. Mimi. Kwenye filamu yangu."

"Ndiyo."

"Haya," akasema. "Leta hiyo kadi."

Lakini kadi peke yake haikutosha. Picha ilikuwa imepinda, ukumbi unaguna, na mtu mmoja mwenye kofia amekaa kwenye kona ya chini mwanzo hadi mwisho. Marafiki wa Neema wa Dar es Salaam wanaohariri filamu walisema hawawezi, kazi zao ni za picha safi. Mmoja akasema bila kutania kwamba wanaojua kusafisha rekodi za namna hii ni wezi wa filamu tu, ndiyo kazi yao ya kila siku. Neema akaniuliza kama namjua yeyote. Nilimjua.

Kassimu ana duka Ihumwa, upande wa reli. Anajaza watu filamu kwenye flashi na kadi za simu. Tulipoingia, alinitambua kabla sijazungumza. Chini ya meza akatoa kikapu, akakiweka mbele yangu.

"Shikamoo, mzee wangu. Simu hapa tafadhali."

Wateja wakacheka bila kujua wanacheka nini. Nikaitikia marahaba, nikaiweka simu yangu kikapuni. Wateja walipoondoka nikamweleza yote, sikuruka kitu. Nilipofika kwenye kitambaa kilichokunjwa mara nne, alikuwa ameacha kutabasamu.

"Mama yako hajambo?" nikauliza, maana nilikuwa sijawahi kuuliza.

"Alifariki mwaka uleule uliponifukuzisha."

"Aliiona ile filamu?"

"Simu si mliifuta?"

Nikasema pole, na pole ilisikika ndogo sana dukani mle. Kassimu alichukua kadi kutoka mkononi mwa Neema, akaigeuza-geuza. "Mimi nilikuwa na mfuko wa shati," akasema, "wewe ulikuwa na kidirisha. Basi."

Alikubali kuifanya, na hakutaka malipo. Alitaka jambo moja, na alilisema mbele ya Neema ili liwe na shahidi. "Wale vijana uliowasimulia habari zangu, waandikie. Usiwaambie kwa mdomo, mdomo wako unajua kuruka. Andika na mama yangu aingie."

Ameingia, Kassimu.

Kazi yenyewe ilimchukua majuma matatu. Alininyooshea picha, akakata kofia ya yule mtu, akapandisha sauti. Hakuweza kuondoa vicheko vya ukumbini, kwa sababu vimeshikamana na sauti ya bibi; ukiking'oa kicheko, unang'oa na neno. Ila sauti yangu angeweza kuikata, maana pale Bibi Nyemo hasemi, anakimbia. Nilimwomba aikate. Neema akasema, "Iache. Bibi angefurahi kwamba kuna mtu aliyemwita."

Ilionyeshwa siku yangu ya mwisho kazini, Jumamosi, saa tisa alasiri kama mara ya kwanza. Mliokuwepo mnakumbuka kwamba ukumbi ulikuwa nusu. Siku hizi nusu ndiyo tunaita kujaa. Mama Tabitha alikuja na fimbo yake, akakaa kiti cha pembeni. Kassimu alikuja pia. Mlimpa kiti akakataa, akasimama mlangoni, mahali pake pa zamani.

Nilipanda, nikafuta kidirisha, nikazima taa ya chumba cha mashine, nikaanza. Kisha nikafanya nilivyofundishwa, nikawatazama watu. Bibi Nyemo alipofungua mdomo, ukumbi wa ndani ya filamu ulicheka, na wa kwetu ukacheka juu yake, hata usijue nani amekaa kitini leo na nani alikaa mara ya kwanza. Kwa macho ukumbi ulikuwa nusu, kwa masikio ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi. Nilifurahi, naandika bila kuona haya.

Ikafika kwa mbuzi. "Mama Tabitha, mwone Bibi Nyemo huyo! Mwone anavyokimbia!" Kisha kicheko changu, kisha kikohozi.

Vichwa vyote vikageuka. Kila kichwa ukumbini kiliacha picha kikatazama kidirishani, Neema kwenye mstari wa mbele, Mama Tabitha ameinua fimbo juu kabisa, na kule mlangoni Kassimu, uso umeinuliwa, ananitafuta gizani. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye swichi ya taa za ukumbini, ndivyo ulivyofundwa. Ukafika pale, nikakumbuka kwamba hakuna kilichokatika. Nikauondoa, nikawasha taa ya chumba cha mashine, ili Kassimu anione.